Mvua, Joto na Udongo Ndani ya Jani Moja

Chukua sahani ya makande. Mahindi na maharage yale huenda yametoka shamba moja, yakanyeshewa mvua ileile na kupigwa na jua lilelile. Ukiyatenganisha, ukayakausha, ukayasaga, kisha ukaupeleka unga wake kwenye mashine ya maabara inayopambanua atomu za kaboni kwa uzito, utapata majibu mawili yaliyo mbalimbali kabisa: mahindi karibu na hasi 12, maharage karibu na hasi 27 (maana ya namba hizi itakuja mbele kidogo). Hali ya hewa ilikuwa moja, udongo ulikuwa mmoja. Tofauti imetoka kwenye mimea yenyewe, katika namna kila mmoja unavyoshika hewa na kuigeuza chakula.

Naanzia hapo kwa makusudi. Siku hizi tunasoma mara kwa mara kwamba wanasayansi wamejua mvua za miaka maelfu iliyopita, au wamejua kwamba mahali fulani palikuwa msitu na baadaye pakawa mbuga, kwa kupima kemikali za majani. Ni kweli, na ni kazi ya kustaajabisha. Lakini ndani ya jani kuna habari ya mvua, ya joto, ya udongo, ya kivuli, ya umri wake na ya ukoo wa mmea, na zote zimechanganyika katika namba chache. Kazi yenyewe ni kuzichambua moja moja, na hapo ndipo wengi wanapopotea.

Atomu nzito, atomu nyepesi

Kaboni iliyoko hewani si ya aina moja. Katika kila atomu 100, karibu 99 zina uzito wa 12, na moja hivi ina uzito wa 13. Mmea unapovuta hewa ukaa, kimeng'enya kiitwacho rubisko, kinachoanzisha safari ya kuigeuza hewa hiyo kuwa sukari, hupendelea atomu nyepesi, kama mchukuzi anayeanza na magunia mepesi. Kwa hiyo jani huwa na kaboni nzito pungufu kuliko hewa iliyolizunguka. Upungufu huo huandikwa kwa sehemu za elfu, ukilinganishwa na kiwango kilichokubaliwa kimataifa, na ndiyo maana namba zake huwa hasi. Hewa yenyewe leo iko kwenye hasi 8.5 hivi.

Mimea inayomtegemea rubisko moja kwa moja huitwa C3. Miti karibu yote imo humo, pamoja na maharage, mihogo, migomba, kahawa, mpunga na ngano. Kundi la pili ni C4: mahindi, mtama, uwele, ulezi, muwa, mafunjo ya kandokando ya maziwa, na karibu nyasi zote za mbuga za joto. Njia yao ilifafanuliwa mwaka 1966 na Hatch na Slack, waliokuwa wakichunguza muwa huko Brisbane, Australia. Ukikata kipande chembamba cha jani la mahindi na kukitazama kwenye hadubini, utaona kila mshipa umezungukwa na duara la seli kubwa za kijani kilichokolea. Seli za nje hukamata hewa ukaa na kuisukuma ndani ya duara hilo, ambamo rubisko amefungiwa. Humo hana nafasi ya kuchagua. Hupokea karibu kila anacholetewa, kizito kwa chepesi, na namba ya jani hubaki juu, kwenye hasi 12 au 13.

Kwa nini mmea ujipe taabu hiyo? Kwa sababu rubisko ana udhaifu mkubwa: mara nyingi hukamata oksijeni badala ya hewa ukaa, na mmea hupata hasara. Hasara hiyo huongezeka joto linapopanda, na huongezeka pia hewa ukaa inapopungua. Mmea wa C4 huikwepa, ila kusukuma hewa ndani kunakula nishati. Penye joto na jua kali gharama hiyo inalipa. Penye baridi hailipi.

Ndiyo sababu milima ya Afrika Mashariki ni mahali pazuri mno pa kujifunzia jambo hili. Mwaka 1979 Larry Tieszen na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nyasi za Kenya kuanzia nyanda za chini hadi juu milimani. Chini ya mita 2,000, kwenye uwanda wa wazi, nyasi karibu zote zilikuwa C4. Kupita mita 3,000, karibu zote zilikuwa C3. Katikati ya hapo makundi mawili yaliingiliana. Mtu anayepita kwa miguu anaona nyasi tu toka chini hadi juu, lakini kikemia amevuka mpaka.

Kuna kundi la tatu, la mkonge na nanasi, ambayo hufungua vitundu vyake usiku ili kuokoa maji. Namba zake mara nyingi huangukia karibu na za C4. Shamba la mkonge la Korogwe, kwa kipimo cha kaboni peke yake, lingeweza kudhaniwa kuwa mbuga ya nyasi.

Kiu, kivuli na mwinuko

Ukishajua jani ni la mmea wa C3, sasa linaweza kukueleza habari za maji. Jani lina vitundu vidogo sana, stomata, ambavyo hewa ukaa hupitia kuingia na mvuke wa maji hupitia kutoka. Hakuna namna ya kufungua kwa ajili ya kimoja na kufunga kwa ajili ya kingine. Mvua ikiwa nyingi, stomata huwa wazi, hewa ukaa hujaa ndani ya jani na rubisko huchagua apendavyo. Namba inashuka hadi hasi 29 au 30. Ukame ukija, mmea hubana vitundu, hewa ndani inakuwa haba, na rubisko hulazimika kutumia hata atomu nzito. Namba inapanda, mpaka hasi 25 au zaidi. Mwaka 1982 Graham Farquhar na wenzake waliuweka uhusiano huu katika hesabu, na hesabu hiyo inatumika hadi leo.

Ingekuwa vizuri kama mambo yangeishia hapo. Ila majani ya C3 hupanda namba pia kadiri mlima unavyopanda, hata penye mvua ya kutosha. Kwa hiyo jani la hasi 25 laweza kuwa limetoka nyikani kwenye kiu au limetoka juu mlimani kwenye ukungu, na mizani ya maabara haitakuambia ni lipi.

Kivuli nacho huvuta upande wa pili. Katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, Thure Cerling akiwa na John Hart na Terese Hart walionyesha mwaka 2004 kwamba majani yaliyo chini kabisa, kwenye giza la msitu, husoma karibu na hasi 34, chini sana kuliko yale ya vilele vya miti ya msitu huohuo. Sababu ni mbili. Chini kuna mwanga mdogo, basi rubisko hana haraka. Na hewa iliyotuama pale imechanganyika na hewa ukaa inayotoka kwenye udongo na majani yanayooza, ambayo ilishapungukiwa na kaboni nzito tangu mwanzo. Okapi, mnyama anayeishi kwa kula majani hayo ya chini, huibeba alama hiyo mpaka kwenye meno yake. Mtu akipata jino la kale lenye alama kama hiyo ana ushahidi wa msitu mnene uliofunga, ushahidi ambao mifupa peke yake ni nadra kuutoa.

Udongo unapoamua

Kaboni hutoka hewani. Nitrojeni na fosforasi jani huzipata kwa mizizi, na hapa habari ya udongo huanza kusikika kwa sauti kubwa kuliko ya hali ya hewa.

Fosforasi hutoka kwenye miamba. Udongo mkongwe wa nchi za joto, uliosuguliwa na mvua kwa mamilioni ya miaka, umeshaimaliza sehemu kubwa, na iliyobaki imeshikwa na madini ya chuma na alumini. Miombo ya magharibi na kusini mwa Tanzania imesimama kwenye udongo wa namna hiyo. Majani yake yana virutubisho haba, na yamejaa tanini inayomfanya mlaji apate shida ya kuyameng'enya. Mti ulio kwenye udongo maskini hauna uwezo wa kupoteza jani kirahisi, kwa hiyo hulilinda. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla tone la mvua halijaanguka, miombo huchipua majani mapya mekundu, ya rangi ya shaba na damu ya mzee, na kwa wiki chache pori zima la Tabora hugeuka sura. Wekundu ule hutokana na kemikali zinazoitwa anthosayanini, ambazo huchipuka pamoja na jani likiwa bado laini.

Nenda sasa kusini-mashariki mwa Serengeti. Huko mvua ni kidogo, kama milimita 500 kwa mwaka, wakati kaskazini-magharibi ya hifadhi hupata hata mara mbili ya hapo. Kwa kufuata mvua peke yake ungetarajia nyumbu wakae kaskazini mwaka mzima. Hawakai. Mvua zikianza hurudi kwenye nyasi fupi za kusini, na huko ndiko wanakozalia. Udongo wa pale ni majivu ya volkano kutoka nyanda za Ngorongoro na Ol Doinyo Lengai, na Samuel McNaughton alionyesha mwaka 1990 kwamba nyasi zake zina madini mengi zaidi, ikiwemo fosforasi na sodiamu, hasa yale ambayo mama anayenyonyesha na ndama anayekua wanayahitaji. Msafara mkubwa wa wanyama tunaouonyesha dunia nzima unaongozwa kwa sehemu na kemia ya jani la nyasi. Kwangu mimi hilo linatosha kuonyesha kwamba somo hili si la maabara tu.

Kwa hiyo ukilinganisha jani la miombo na jani la Serengeti ukahitimisha kuwa tofauti zao zote ni za mvua, umekosea. Udongo umeingilia kati. Hii ndiyo dosari ninayoiona mara nyingi katika taarifa zinazofupishwa kwa ajili ya magazeti: kila tofauti inatupiwa tabianchi.

Jani likishakufa

Kabla mti haujaangusha jani, hulinyonya kwanza. Nusu ya nitrojeni na fosforasi yake, mara nyingi zaidi ya nusu, hurudishwa kwenye matawi. Baadaye vijidudu vya udongo humaliza sukari na protini. Kinachodumu ni nta.

Geuza jani la mgomba upitishe kidole upande wa chini, utaona unga mweupe umekushika. Bua la mtama nalo lina unga huohuo. Hiyo ndiyo nta, inayozuia maji yasipotee kupitia ngozi ya jani. Ndani yake mna minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni, na minyororo hiyo ina tabia moja ya kushangaza: iliyo mingi ina idadi witiri ya kaboni, 27, 29, 31 au 33. Mmea huijenga kwa kuongeza kaboni mbilimbili, halafu mwishoni hukata moja. Geoffrey Eglinton na Richard Hamilton waliandika mwaka 1967 kuhusu nta hizi, na tangu hapo wanajiolojia wamezitafuta kila penye tope la kale, maana hazioshwi na maji na huweza kukaa mamilioni ya miaka.

Miguuni mwa Kilimanjaro, upande wa mashariki, mpaka wa Tanzania na Kenya unakatiza ziwa dogo la kreta liitwalo Chala. Lina kina kirefu, kuta zake ni za mwamba, na tope la chini yake limejipanga tabaka juu ya tabaka bila kuvurugwa. Upepo na maji ya mvua huleta humo nta za mimea ya jirani. Katika mashapo ya miaka 25,000 iliyopita, kaboni ya nta ile inaonyesha nyasi za C4 kwa wingi. Miaka kama 16,000 iliyopita mambo yanaanza kugeuka, na miti na vichaka vya C3 vinachukua nafasi kubwa zaidi. Mwaka 2016 ziwa lilichimbwa tena, na safari hii likatoa mashapo yenye historia ya takriban miaka 250,000.

Swali linafuata: nyasi zilitawala enzi zile kwa sababu gani? Jibu rahisi ni ukame. Lakini katika zama za barafu hewa ukaa ilikuwa haba, sehemu 180 hadi 190 kwa milioni, wakati kabla ya viwanda ilikuwa 280 na leo imepita 420. Tumeona kwamba hewa ukaa ikipungua, rubisko hupata hasara na C4 hupata faida. Mwaka 1997 Alayne Street-Perrott na wenzake walieleza kwamba katika ziwa moja la Mlima Kenya, lililo mita 2,350 hivi juu ya usawa wa bahari, alama ya C4 ilikuwa na nguvu wakati wa barafu, ingawa kulikuwa na baridi kuliko leo. Baridi ingepaswa kuziondoa nyasi hizo. Walisema uhaba wa hewa ukaa ulishinda baridi. Wengine wakasisitiza ukame. Naona hoja ya hewa ukaa haiwezi kuwekwa kando, lakini kaboni peke yake haimalizi ubishi huu, kwa sababu sababu zote mbili huacha alama ileile.

Hapo ndipo haidrojeni inaposaidia. Maji nayo yana haidrojeni nyepesi na nzito. Nzito huanguka mapema mvua inaponyesha, na katika nchi za joto mvua ikiwa kubwa na ya kudumu, maji yake huwa mepesi zaidi. Willi Dansgaard wa Denmark alilieleza hilo mwaka 1964. Mmea hunywa maji hayo na kuyaingiza kwenye nta. Basi nta moja hukupa kaboni inayosema ni mmea wa aina gani, na haidrojeni inayosema habari za mvua. Jessica Tierney na wenzake walitumia njia hii kwenye mashapo ya Ziwa Tanganyika mwaka 2008, wakafuatilia mvua za eneo hilo kwa miaka 60,000.

Nayo ina mitego yake. Nyasi na miti vikinywa maji yaleyale havitengenezi nta yenye haidrojeni ileile, kwa hiyo uoto ukibadilika namba huhama hata kama mvua haikubadilika. Mvua ya Afrika Mashariki huleta maji ya Bahari ya Hindi na wakati mwingine maji yaliyokwisha kupita juu ya misitu ya Kongo, na hayo hayafanani. Mti mwingi wa majani mapana huweka nta yake jani likiwa changa; sasa fikiria yale majani mekundu ya miombo yanayotoka kabla ya mvua. Maji yaliyoyalisha ni ya mizizini, na huenda yalianguka msimu uliopita. Na kwenye mteremko wa Kilimanjaro, watafiti waliopima nta za udongoni mwaka 2009 wakitarajia haidrojeni ibadilike vizuri kadiri ya mwinuko, hawakukuta uhusiano wa maana. Mlima una msitu, ukungu, mashamba ya vihamba na nyika kavu, vyote kwenye mteremko mmoja, na kila kimoja kilivutia kwake.

Pamoja na mitego hiyo, ushahidi wa aina nyingi ukiwekwa pamoja unaweza kubomoa simulizi nzima. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba nyasi za C4 zilienea Afrika Mashariki kuanzia takriban miaka milioni 10 iliyopita, na kwamba kabla ya hapo sokwe wa kale waliishi katika msitu uliofunga. Mwaka 2023 Daniel Peppe na wenzake, wakiwemo watafiti wa Kenya na Uganda, walichapisha matokeo ya maeneo kadhaa ya visukuku ya nchi hizo mbili. Walipima nta za majani, kaboni ya udongo wa kale na chembe za silika zinazoachwa na mimea. Nyasi za C4 zilikuwepo kwa wingi zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, zikichanganyika na miti.

Leo hewa ukaa inapanda kwa kasi, yaani mizani inaelekea upande wa C3. Katika savana nyingi za Afrika vichaka vimeongezeka na malisho yamepungua, na wafugaji wanalijua hilo kabla ya kuambiwa na mtu. Njia mojawapo ya kuthibitisha ni kuchimba shimo chini ya kichaka. Udongo wa juu, uliolishwa na majani ya sasa, huwa na namba za C3. Ukishuka zaidi namba hupanda kuelekea hasi 15, tofauti kubwa kuliko ile ndogo inayoletwa na kuoza peke yake, na hapo unajua palikuwa pamejaa nyasi. Shimo hilo halikwambii kichaka kilikuja kwa sababu gani. Inaweza kuwa hewa ukaa, kuzuiwa kwa moto, mifugo iliyomaliza nyasi au kupungua kwa tembo, na ili kujua kilichotangulia inabidi namba za udongo ziwekwe kando ya kumbukumbu za moto, za mifugo na za mvua za mahali hapohapo, eneo kwa eneo.